Mgeni Asiyeagwa

Jua lilikuwa likielekea kuzama wakati Kabale na dada yake Sabdio walipoingia katika duka la Mungania kule Wabera, mjini Isiolo, na tangu hatua ya kwanza ndani ya mlango Kabale alijua kwamba jioni hiyo lazima angekasirika. Mungania, Mmeru mwenye sauti ya upole aliyeuza redio, spika na mitambo ya muziki iliyokwisha kutumika, aliwasalimu vizuri kabisa. Kisha akamgeukia Sabdio.

"Huyu anatafuta nini?"

"Huyu anatafuta mtambo wa kurekodi," Kabale akajibu mwenyewe. "Na masikio anayo."

Mungania akacheka kwa aibu na kuanza kushusha vitu kutoka kwenye rafu. Kabale alikuwa amezoea. Alizaliwa haoni, akakua haoni, na kwa muda wote aliokuwa akiimba kwenye harusi za Isiolo hakuwahi kumaliza wimbo bila mtu kumwendea Sabdio na kumwambia kwamba dada yake ana sauti nzuri. Walimwambia Sabdio, siyo yeye. Ungedhani sauti yenyewe Sabdio ndiye aliyeibeba mkobani.

Mtambo wa kwanza ulikuwa wa kisasa, na Mungania aliusifu sana. Kabale alipitisha vidole juu yake na kukuta kioo kitupu, laini kama sahani. Kila kitu kilikuwa cha kugusa picha. Akausukuma pembeni. Wa pili ulikuwa na swichi za kuzungusha, lakini alipoijaribu moja, ilizunguka, ikazunguka, isifike popote. Huo nao akausukuma. Ebei, mpiga gitaa asiyeona wa kule Kipsing ambaye walijuana naye kwa simu tu, alikuwa amemfundisha jambo hilo kwa jumbe za sauti zisizohesabika. Usinunue swichi isiyo na mwisho, alimwambia. Yenye mwisho ukiipeleka kushoto ikagonga, unajua umezima. Ukiipeleka kulia ikagonga, unajua umefika juu. Isiyo na mwisho inataka mtu wa kutazama taa, na wewe mtu huyo huna.

Mungania akasema amebakiwa na kimoja tu, cha zamani, na kiko nyuma. Alikwenda kukileta, akakitua juu ya meza kwa kishindo.

Ilikuwa miksa ya chuma, mtambo wa kuchanganyia sauti, nzito, na kila swichi yake ilikuwa na mwisho. Kila kitufe kikibonyezwa kilizama na kulia *tak*, kikibonyezwa tena kilipanda na kulia *tak*. Kabale akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alasiri. Vidole vyake vikatambaa hadi kwenye swichi ya mwisho upande wa kulia, iliyozungushiwa teipu ya umeme.

Vidole vikasimama.

Teipu ile aliijua.

Alikuwa ameigusa mara moja tu, katika studio ya Muthomi, mtayarishaji wa muziki, siku aliyompeleka mama yake kurekodiwa. Alikuwa akipapasa meza ajue kilichopo, na Muthomi akauondoa mkono wake jinsi mkono wa mtoto unavyoondolewa kwenye sufuria ya moto. "Usiguse," alisema. "Utaharibu." Kisha akamwambia Sabdio amkalishe mahali.

Mama yao aliitwa Habibo, na kazi yake ilikuwa ngoma ya ayana. Ayana ni wageni wasioonekana. Huingia katika mwili wa mgonjwa na kumtesa mpaka waitwe kwa wimbo wao, wapewe haki yao ya buna, yaani kahawa inayokaangwa na maganda yake ndani ya samli, halafu waagwe waende zao. Mashehe hawakuipenda ngoma hiyo hata kidogo, na wake za watu waliowasikiliza mashehe walikuja kwa Habibo kupitia uani. Kila wimbo ulikuwa na sehemu mbili, kuita na kuaga. Aliyeita ndiye aliyeaga, na wakati wa kuaga ilikuwa lazima amtazame mgeni ndani ya macho ya mgonjwa, asipepese, mpaka aondoke.

Kwa sababu hiyo Kabale alizijua nyimbo zote za kuita, lakini za kuaga hakujua hata moja. Saa ya kuaga ilipofika, mama yake alimshika bega, akamgeuza taratibu na kumtoa nje.

"Wewe huwezi kumtazama," alimwambia kila mara. "Kwa hiyo usiwe hapa."

Sabdio mwenye macho alibaki ndani. Kabale alisimama uani na kuku. Alikua, akawa mwimbaji, akazoea dharau za kila aina, lakini ile ya mama yake mwenyewe haikumtoka moyoni.

Muthomi alimrekodi Habibo akiimba wimbo mzima, kuita na kuaga, kisha akafanya alivyotaka. Alichukua sehemu ya kuita, akaitia midundo, akairudiarudia, na mwishoni akaishusha sauti kidogo kidogo hadi ikapotea. Akaweka jina lake. Wimbo ukapendwa, ukaingia katika simu za vijana. Habibo aliusikia mara ya kwanza nje ya bucha moja, papo hapo Wabera, akasimama na mzigo wake wa kuni mpaka ukaisha.

"Na kumuaga je?" akauliza.

Alimfuata Muthomi studioni, akaambiwa ule mwisho unachosha wasikilizaji. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Kabale alimsikia akiuimba mwisho ule peke yake chumbani, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, lakini alikuwa akiukabili ukuta, na ukuta hauna macho. Alifariki kabla ya mvua. Hospitalini walisema ni presha. Kabale alisema ni Muthomi, na hadi leo hasemi vinginevyo.

Sasa miksa ya Muthomi ilikuwa mikononi mwake. Aliuliza mwenye miksa alikwenda wapi. Mungania akasema alifunga studio ghafla, akauza vitu vyote siku moja na kurudi kwao milimani, na hata bei hakubishania. Kabale akasema anaichukua, pamoja na maiki na hedfoni. Kwa uchungu aliokuwa nao, alijiona kama mtu aliyerudishiwa mbuzi wake na mwizi.

Walipokuwa mlangoni, Mungania aliwafuata. Safari hii hakumwambia Sabdio. Aliinama karibu na sikio la Kabale na kunong'ona.

"Dada... hii kitu ikitoka hapa, hairudishwi."

*

Kabale aliishi peke yake katika mtaa wa Chechelesi, katika nyumba ya mama yake. Sabdio alikuwa ameolewa Wabera na alikuja jioni jioni kumwangalia. Katika chumba cha mama, Kabale alitundika mablanketi ukutani kuua mwangwi, akaweka meza, miksa na laptopu, na nyuma ya kiti chake akakiacha kigoda cha mama palepale kilipokuwa siku zote.

Programu ya kurekodi ndiyo iliyomtoa jasho. Laptopu yake ilikuwa na msomaji, sauti ya kiume yenye kubana pua inayosoma kila kilichoandikwa kwenye kioo. Programu ya kwanza aliyoijaribu ilikuwa nzuri kwa wenye macho, lakini msomaji aliifungua na kusema, "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe," bila kutaja kitufe cha nini. Ya pili ilinyamaza kabisa. Ya tatu, aliyoelekezwa na Ebei, ilikubali kila kitu kwa kibodi, na msomaji akawa anamwambia traki ipi, yaani mkondo upi wa sauti, ina nini na ipi inarekodi. Siku aliyofaulu kujirekodi, kujisikiliza na kukata kosa bila kuomba jicho la mtu, Kabale alilia. Alilia kwa furaha, na kwa hasira ya muda wote uliopotea.

Kazi ya kwanza aliyotaka kufanya ilikuwa ya mama yake. Angeichukua sauti ya Habibo kutoka wimbo ule wa wizi, aisafishe midundo ya Muthomi, aifanye izunguke kama kiitikio, kisha aimbe juu yake maneno yake mwenyewe. Jina la Habibo lingekuwa la kwanza. Alitafuta mahali ambapo sauti ilikuwa safi, akaikata mwanzo, akaikata mwisho, akaunganisha ncha hizo mbili. Ilizunguka vizuri mno. Mama aliita, akaita, akaita.

Hakufikiri hata kidogo kwamba alichokifanya ni kilekile alichofanya Muthomi. Alikuwa ameizungusha sehemu ya kuita, peke yake, tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi.

Adhana ilipoisha, alisikia harufu.

Buna.

Kahawa na maganda yake, ikipasuka ndani ya samli ya moto. Alivua hedfoni. Jiko lilikuwa limezimwa. Kwa jirani walikuwa wakikaanga vitunguu, hiyo aliisikia pia, mbali. Ile ya buna ilikuwa humu chumbani... nyuma yake.

Akavaa hedfoni tena. Alijiambia ni kumbukumbu, kwa sababu nyumba ya mtu aliyefariki huwa na harufu zake. Mama aliendelea kuita. Halafu msomaji akasema, kwa ile sauti yake ya kubana pua:

"Traki ya tatu. Inarekodi."

Kabale alikuwa na traki mbili tu. Ya mama na yake.

Alishusha mkono, akafuata waya wa maiki mpaka mwisho. Maiki haikuwa imechomekwa popote.

"Traki ya tatu," msomaji akarudia. "Inarekodi."

Akaifungulia sauti. Mwanzoni ilikuwa ukimya wa chumba. Kisha shanga... shanga zikigongana taratibu. Nyayo pekupeku zikiburuza sakafuni kwa kufuata wimbo. Kisha makofi. Kofi moja, kimya, kofi moja, jinsi mgonjwa anavyoyapiga mgeni anapompanda kichwani.

Akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Wimbo ukakatika.

Makofi nayo yakakatika. Kikabaki kimya kirefu, na ndani ya kimya hicho kigoda cha mama kikalia kwa uzito wa mtu anayeketi. Ndani ya hedfoni, katikati ya masikio yake mawili, kitu kikanong'ona. Sauti haikuwa ya kiume wala ya kike, na ilikuwa imechoka.

"Niage."

Kabale alishika swichi yenye teipu, ile ya sauti kuu, akaizungusha kushoto azime kila kitu. Swichi ilikwenda. Akaendelea kuzungusha, akingojea igonge mwisho wake.

Haikugonga.

Ilizunguka... ikazunguka... ikazunguka.

*

Asubuhi alimpigia Muthomi. Alidhani hatapokea, lakini alipokea haraka, na Kabale alipojitambulisha tu, akamkatiza.

"Miksa iko kwako," akasema.

Hakuwa yule Muthomi wa usiguse. Alizungumza upesi na kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha. Alisema alianza kumsikia mtu asiyeonekana wimbo ulipopendwa. Kila alipozima mitambo, harufu ile ilikuja, na makofi. Akiuwasha wimbo, anatulia, anacheza. Akiuzima, anaomba kitu, na yeye lugha hiyo hakuijua.

"Anaomba kuagwa," Kabale akamwambia. "Nipe ule mwisho. Nipe mama akiaga."

Upande wa Muthomi mlango ukafungwa taratibu.

"Nipe, Muthomi. Wewe ndiye uliyemrekodi."

"Nilifuta," akasema. "Ilikuwa inachosha... nikafuta siku ileile."

Kabale alitaka kumtukana, na matusi aliyokuwa nayo yangetosha ukoo mzima, lakini matusi hayangeurudisha mwisho ule. Kabla ya kukata simu Muthomi alimpa ushauri wa pekee aliokuwa nao. Usizime, alisema. Ukiweza kuuacha ucheze, uache ucheze.

Akauacha ucheze. Alipika ukicheza, akaswali ukicheza, akalala hedfoni ziko mezani zikitoa sauti ndogo ya mama yake akiita. Nyuma yake nyayo zilifuata wimbo bila kuchoka. Alimpigia Ebei, akamweleza kwa mafumbo, na Ebei akadhani waya zimeharibika. Hakumwambia shehe, maana alijua shehe angeanza kwa kumlaumu mama yake. Alibakiwa na mtu mmoja aliyewahi kusikia kuaga mpaka mwisho, na huyo alikuwa Sabdio.

Sabdio alikuja magharibi, siku ambayo stima ilikuwa imepotea Chechelesi nzima na laptopu inaendeshwa na betri. Kabale alisikia viatu vyake uani, kisha mlango wa chumba ukifunguliwa.

"Salaam aleikum," Sabdio akasema.

Kabale aliitikia. Sabdio hakuingia. Alibaki mlangoni, na pumzi yake ikabadilika.

"Kabale," akanong'ona. "Ni nani huyo anayecheza nyuma yako?"

Hapo tu ndipo Kabale alipoogopa kwelikweli. Mpaka wakati huo alikuwa amejiachia nafasi ndogo ya kudhani ni uchovu, ni huzuni, ni waya. Sasa nafasi hiyo ikazibwa. Pamoja na hofu likamjia tumaini, kwa sababu Sabdio alikuwa akiona.

"Mtazame," akamwambia. "Mtazame machoni, usipepese. Uimbe kuaga. Wewe ulikuwa ndani, dada, mama alikuacha ndani."

"Siukumbuki."

"Hata kidogo tu."

"Siukumbuki, Kabale. Niliziba masikio." Sabdio alikuwa akilia. "Siku zote niliziba masikio."

Kabale alinyoosha mkono kuelekea mlangoni. Aliukuta upepo. Kiatu kimoja cha Sabdio kiliburuza kizingitini, kikaachwa hapo, na nyayo zake zikakimbia kupita uani, kupita kwa jirani, zikapotea upande wa Wabera. Mlango ulibaki wazi. Kabale alikaa na uchungu ambao hakuwa na mahali pa kuuweka: wimbo ule, mama alimnyima yeye aliyeutaka kwa moyo wote, akampa yule aliyeziba masikio.

"Betri iko chini," msomaji akasema.

Mama aliita. Nyayo zilicheza.

"Betri iko chini sana."

Mama aliita, na katikati ya neno akakatika. Feni ya laptopu ikazimika. Makofi yakakoma. Kigoda kikalia.

"Niage," kitu kile kikanong'ona, na sasa hapakuwa na hedfoni.

Kabale akageuka. Aliifuata harufu ya buna mpaka akahisi joto lake usoni. Akainua kichwa, akayafumbua macho yake ambayo hayakuwahi kumsaidia kitu duniani, akayaelekeza pale alipodhani pana uso, kisha akaanza kutunga maneno ya kuaga. Umekunywa, mgeni wetu. Umecheza, umeheshimiwa. Nenda kwa amani, njia ni nyeupe...

Mkono ukamshika bega.

Ulikuwa mkavu na haukuwa na joto wala baridi. Ulimshika palepale mama yake alipokuwa akimshika, na kwa taratibu ileile ukamgeuza. Lakini haukumtoa nje. Ulimgeuza kuelekea mezani, kwenye maiki.

"Wewe huwezi kunitazama," kitu kile kikasema. "Kwa hiyo imba."

Kabale hakuwa na wimbo mwingine ila ule anaoujua. Akafungua mdomo, akaita.

Majirani wa Chechelesi humsikia siku hizi kuanzia magharibi, hata stima ikiwa imepotea mtaa mzima. Wanasema hajawahi kuimba vizuri namna hiyo, na kwamba mitambo aliyoinunua inafaa kila shilingi. Wakimkuta Sabdio sokoni Wabera, humsimamisha na kumpongeza kwa ajili ya sauti ya dada yake, kisha humuuliza, kwa adabu tu, kwa nini hapumziki.

Sabdio, ambaye hajakanyaga Chechelesi tangu jioni ile, huwajibu kwamba siyo dada yake. Ni mtambo tu, wameuacha unazunguka.